Dada ana miaka 52, anataka kuzaa, na yai analiomba kwangu

MamaMdogo_Uyole

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala, na baridi ya Uyole ya mwezi huu mnaijua, hata maji ya bomba yanauma. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Nina miaka 31, nimeolewa, watoto wawili. Dada yangu, kifungua mimba wa kwetu, ana 52. Ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mufindi. Tumepishana miaka 21, kwa hiyo mkisikia "dada" msifikirie mtu wa kugombania naye khanga. Akija likizo kutoka chuo cha ualimu ndiye aliyenibeba mgongoni, mama akiwa shambani. Ada yangu kuanzia kidato cha kwanza ilitoka kwenye mshahara wake. Kwangu ni nusu dada, nusu mama.

Hakujaliwa mtoto. Ndoa ya kwanza ilivunjikia hapo: alirudishwa nyumbani na sanduku la bati na godoro, na wakwe hawakuona haya kutaja sababu mbele ya majirani. Mirija iliziba. Kabla ya hapo kuna hospitali walimfanyia upasuaji wa uvimbe, na mpaka leo hajui vizuri walitoa nini wakaacha nini. Miaka sita iliyopita akaolewa na mgane mmoja, mtu mtulivu, ana mashine ya kukoboa, watoto wake wakubwa wana maisha yao.

Sasa, mwaka jana dada alivuna miti yake. Ekari tatu za paina alizopanda 2004. Tukajua atajenga. Kumbe alipanda basi kimyakimya mpaka Dar, akarudi na bahasha. Daktari kamwambia mji wa mimba uko sawa ila mayai hakuna tena, hedhi ilishakata. Njia iliyobaki ni yai la mwanamke mwingine, mbegu za mumewe, kisha kiinitete kipandikizwe kwake. Mtoto wa chupa, kama tunavyosema.

Jumapili iliyopita alinijia na gunia la viazi. Tukakaa tunamenya. Beseni lilipofika nusu akasema bila kuniangalia: "Nikipata la mtu baki nitashukuru. Nikipata lako, atakuwa na pua ya mama." Akaendelea kumenya. Mimi kisu kilisimama.

Naombeni mawazo. Mtoto akifika kidato cha nne dada ana 70. Atastaafu kazi mtoto akiwa na miaka kama saba. Je, ni haki kwa huyo mtoto? Na mimi nina haki ya kukataa? Mume wangu amesema neno moja tu: "Mayai yako ni ya nyumba hii." Bado sijajua kama alikuwa anatania.

KijanaWaMwanjelwa

Nimevuta kigoda. Uzi huu unafika kurasa kumi.

Mnyalu_Halisi

Kamwene. Mimi nasema wazi, huo ni ubinafsi. Nani amemuuliza mtoto? Someni kisa cha María del Carmen Bousada, yule mama wa Hispania. Alijifungua mapacha Desemba 2006 akiwa na miaka 66, baada ya kuwaambia madaktari wa Marekani kwamba ana 55. Alijipa moyo kwamba mama yake aliishi miaka 101. Julai 2009 akafariki kwa saratani, watoto hawajatimiza hata miaka mitatu. Mama aliishi miaka 101, yeye hakufika 70. Umri wa mzazi wako si hundi, huwezi kwenda nao benki.

Dada yako apumzike. Ana wewe, ana wanao, wanamwita mama mkubwa. Kwetu huyo tayari ni mama.

Mwakibete_Mstaafu

Babu yangu Rungwe alipata mtoto wa mwisho akiwa na miaka 74. Walichinja ng'ombe. Sikumbuki mtu aliyeuliza mtoto akifika kidato cha nne babu atakuwa wapi. Alikuwa kaburini, na mtoto alisoma.

Mnyalu_Halisi

Alisoma kwa sababu alikuwa na mama kijana, mkuu! Unanisaidia hoja.

Mwakibete_Mstaafu

Alisomeshwa na kaka zake. Mama yake aliondoka. Siwezi kusema zaidi, ukoo wote umo humu.

NesiWaUsiku

Mleta uzi, nimekaa wodi ya wazazi miaka 14 hapa Mbeya mjini. Niweke mambo matatu, mengine wataongeza wengine.

Kwanza mwili wa dada. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai kati ya milioni moja na mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na hakuna duka la kuongeza. Mji wa mimba hauko hivyo. Ukipewa homoni unabeba hata baada ya hedhi kukoma, ndiyo maana daktari hakumdanganya. Tena kwa upande wa mtoto, hatari ya hali ya Down, ile ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada, inafuata umri wa mwenye yai, haifuati wa anayebeba. Mama wa miaka 45 kwa yai lake mwenyewe, ni karibu mtoto mmoja kati ya 30. Yai la mwanamke wa miaka 30, karibu mmoja kati ya 900.

Shida iko kwa mbebaji. Presha, kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kondo kukaa vibaya, kuvuja damu, na karibu kila mara kisu. Na mimba ya yai la mwingine yenyewe inapandisha hatari ya kifafa cha mimba, hata kwa mama kijana. Tanzania tumehangaika sana na vifo vya wazazi: utafiti wa 2015-16 ulikuta vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104. Kila namba hapo ilikuwa na khanga na kikapu chini ya kitanda. Kwa hiyo kabla ya haki ya mtoto na pua ya mama, dada apime presha, sukari, moyo. Na akipandikizwa, kiinitete kimoja tu. Mapacha kwa miaka 53 usikubali hata ukiambiwa ni baraka.

Wenzetu wameweka mipaka. Ufaransa mwanamke akitimiza 45 hapandikizwi. India 2019 mama wa miaka zaidi ya 70, Erramatti Mangayamma, alijifungua mapacha. 2021 ikaja sheria inayotaka mwanamke awe chini ya miaka 50. Chama cha madaktari wa uzazi Marekani kinashauri wanaozidi 55 wasipandikizwe. Dada yako yuko katikati ya hiyo mistari, India angekataliwa, Marekani angesikilizwa.

Pili ni wewe. Utachomwa sindano kila siku kama siku kumi au kumi na mbili, utrasaundi mara kwa mara, halafu unalazwa usingizi mayai yavutwe kwa sindano ndefu kupitia ukeni. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wachache ovari zinavimba, tumbo linajaa maji, wanalazwa. Siyo kifo ila siyo kumenya viazi.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Umesema alikulipia ada. Sasa jiulize ukiwa peke yako: kama asingekulipia hata shilingi, ungempa? Mimi nimeona ndugu wakitoa damu wodini huku machoni wanalipa deni. Damu inarudi baada ya wiki chache. Hili la kwako litakuwa linakuita mama mdogo kila Krismasi, lina pua yako.

Mama_Upendo_Sokoni

Jamani Sara alimzaa Isaka akiwa na miaka 90, Ibrahimu ana 100. Mungu hachelewi. Na ndugu zetu Waislamu wana Zakaria na mkewe. Mpe dada yako yai mwanangu, Mungu atakulipa.

KijanaWaMwanjelwa

Mama yangu, Ibrahimu alikuwa na ng'ombe, mbuzi, ngamia na watumishi. Huyu ana pensheni ya mwalimu.

Kitindamimba_Tukuyu

Mimi ni huyo mtoto mnayemjadili, kasoro chupa. Mama alinizaa akiwa na 47, mtoto wa tisa. Alidhani ni hedhi inakata, kumbe ni mimi. Vijijini kwetu wa hivi tumejaa, tena watu wanacheka tu, "kumbe mzee bado yumo". Kwa hiyo kuzaa uzeeni si mambo ya Wazungu wala maabara. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu anaweza kuanzia pale ambapo mama yangu aliishia.

Nilichoona: darasa la pili mama alikuja shuleni na mwamvuli wake mweusi, wenzangu wakakimbia kuniambia "bibi yako kaja". Nikasema ndiyo, ni bibi. Alisikia. Njiani hakusema kitu, akaninunulia ndizi za kuchoma. Sijawahi kumwomba msamaha na sasa hasikii vizuri.

Ila tofauti na dada yako, mimi nilikuwa na ndugu wanane mbele yangu, dada na kaka. Nilibebwa na migongo mingi. Huyo wa Mufindi atakuwa na mgongo mmoja wenye kiuno kinachouma na watoto wa baba wanaohesabu mashine ya kukoboa. Wameulizwa hao? Baba akifa kesho hawatasema mtoto si wa dada, ni wako wewe uliyetoa yai? Hizi kesi zipo.

Ndaga fijo kwa kuleta mada.

Mtumishi_Songwe

Kwa nini asichukue mtoto yatima? Wamejaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, ustawi wa jamii wapo. Milioni zote hizo za paina kwenda kumwagwa Dar wakati kuna mtoto tayari anasubiri.

MamaMdogo_Uyole

@Mtumishi_Songwe una watoto wangapi wa kuasili, mkuu? Siulizi kwa ugomvi. Mimi nina wawili wa tumbo langu na hakuna aliyewahi kuniambia nikachukue yatima. Dada anaambiwa hilo tangu ana miaka 28. Mwenye watano anaongeza wa sita tunapeleka uji na khanga, asiye na hata mmoja ndiye anapewa jukumu la yatima wa taifa.

Halafu alishafanya. Mtoto wa marehemu binamu alikaa kwake miaka minne, alipopata akili ya kusaidia kazi ukoo wa baba ukaja kumchukua. Dada alifunga nguo zake mwenyewe, akaweka na madaftari.

Mtumishi_Songwe

Nimekuelewa. Samahani dada.

Mjukuu_wa_Makete

Nimesoma mpaka hapa nikatoka, nikarudi. Nadhani hamna aliyesema hili.

Mimi ni wa Makete. Wazazi wangu waliondoka wote 1999 kwa ule ugonjwa, nikiwa na miaka mitano. Mnaokumbuka miaka ile mnakumbuka, na mkoa wetu haujatoka huko, utafiti wa 2022-23 Njombe bado iliongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Nilipelekwa kwa bibi. Bibi alikuwa na miaka 61. Kabla yangu alikuwa ameshapokea wawili wa mama mkubwa, mmoja bado ananyonya.

Hakuna kikao kilichokaa kujadili kama ni haki mtoto wa miezi saba kulelewa na mwanamke wa miaka 61. Hakuna aliyemuuliza bibi presha yake. Waliletwa watoto na mabakuli yao, watu wakala msiba, wakaondoka. Kanisani wakamsifu kwa upendo. Milima yote hii, Makete, Wanging'ombe, Ludewa, ilijaa vikongwe wenye watoto mgongoni na nchi nzima ikaona ni kawaida. Sasa mwanamke mmoja wa miaka 52, mwenye mshahara na paina, anataka kwa hiari yake kitu kilekile tulichowatwika bibi zetu kwa lazima, ndipo tunakumbuka haki za mtoto. Mnyalu, sikutukani. Ila linganisha.

Lakini sijaja kumpigia debe dada. Nimekuja kuwaambia kulelewa na mtu mzee kukoje, maana nililelewa.

Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Kuanzia darasa la tatu, kila usiku nikishtuka, nilikuwa nasogeza kiganja karibu na pua yake kuona kama anapumua. Makete usiku ni baridi, pumzi inatoka ya moto, unaisikia haraka. Nikiisikia nalala. Baridi ikizidi akijifunika uso nilikuwa napata shida, nalazimika kumfunua. Alidhani namvuta blanketi, ananipiga kofi dogo usingizini. Sikumwambia hata siku moja. Nilifanya hivyo mpaka nikiwa kidato cha pili, mtu mwenye ndevu zinaanza.

Alifariki 2011, nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa na miaka 73. Siku ya pili ya msiba, watu wanapanga nani atachukua nani, mama mdogo wangu wa Makambako hakungoja kikao. Alichukua begi langu, akalitupa juu ya basi, akaniambia "panda". Basi. Leo nina kazi, nina mke, naandika hapa.

Sasa mleta uzi. Mimi ukiniuliza miaka 52 ni mingi, nitakwambia ni mingi, mtoto ataanza kusogeza kiganja mapema. Lakini kilichoniokoa mimi hakikuwa umri wa bibi, alikuwa ni yule wa Makambako. Yai hata nisingelijadili sana. Kaa na dada yako umuulize: ameshamjua mtu wa begi ni nani? Kama ni wewe, basi anakuomba vitu viwili na amekutajia kimoja.

KijanaWaMwanjelwa

Nimerudisha kigoda. Leo sina utani.

Mnyalu_Halisi

@Mjukuu_wa_Makete nimekupata ndugu. Bibi yangu naye alilea. Sijabadilika kuhusu miaka 66 ya Mhispania, lakini 52 nimeanza kuyumba.

Kampala_Mbeya_Safarini

Niongeze la jirani zetu, maana naendesha lori huko. Safina Namukwaya, Uganda, Novemba 2023, miaka 70, mapacha kwa yai la kupewa, kituo cha Kampala. Na 2020 alishazaa wa kike kwa njia hiyohiyo. Kilichonikaa si umri. Ni kwamba yule mama aliwalea watoto wa watu, wakakua, wakaondoka, akabaki anajiuliza nani atamwangalia. Halafu alipojulikana ana mapacha akalalamika kwamba mwanaume hakutokea hospitalini.

Hapo swali langu kwa mleta uzi: dada anataka mtoto, au anataka wa kumchotea maji akiwa na 75? Maana huyo atakuwa na miaka 22, ndiyo kwanza anatafuta maisha, na tayari ameshaajiriwa.

NesiWaUsiku

Dereva, sisi wenye watoto wa miaka 25 tuliwazaa ili wafanye nini uzeeni? Tuwe wakweli kidogo. Ila swali ni zuri, aulizwe.

MamaMdogo_Uyole

Mrejesho. Samahanini kwa kimya cha wiki tatu.

Nilipanda basi Ijumaa mpaka Mafinga, dada akanipokea stendi kwa bajaji. Sikumwambia kuhusu uzi huu. Jumamosi asubuhi kabla ya chai nilimpeleka duka la dawa wakampima presha: 150 kwa 95, iko juu. Akasema ni kwa sababu ya ngazi. Duka halina ngazi.

Jioni nikamuuliza la Mjukuu wa Makete, kwa maneno yangu. Nikamwambia, dada, mtu wa begi ni nani? Hakuelewa, nikamweleza. Akanyamaza, akaingia chumbani, akatoka na daftari lake la kaunta buku, lile la hesabu za miti tangu 2004. Kila mstari kwa mwandiko wa ubaoni: miche mingapi, iliyokufa mingapi, moto wa mwaka gani ulichukua upande gani. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Ekari moja. Imepandwa upya Januari 2025. Ya mtoto. Msimamizi:" na hapo kuna majina yangu yote matatu, na nafasi ya sahihi.

Nilikasirika, sitawaficha. Nikamwambia umeniandika bila kuniuliza. Na kwenye hasira hiyo ndipo likatoka lile la Nesi, kwamba sijui kama ningekupa yai kama usingenilipia ada. Lilinitoka vibaya, si kama nilivyopanga.

Hakulia. Alifunga kalamu kifuniko chake, akasema: "Basi yai nitachukua la mtu baki. Dar wanayo. Pua si kitu. Ila hapo kwenye mstari, mtu baki hawezi kusaini."

Tukakaa. Shemeji akaingia, akauliza mbona moto umezimika, akachochea mwenyewe, akatoka tena. Yeye wanawe amewaambia. Mmoja amekubali, mmoja hapokei simu.

Nikamuuliza na la dereva, kama anataka wa kumchotea maji. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema kwa watoto aliowafundisha miaka 29 akikosa wa kumchotea maji basi atakufa na kiu kwa haki. Anachotaka ni mtu wa kumkuta nyumbani akitoka shule. Nimeandika alivyosema.

Mkataba wetu ni huu. Presha kwanza: anaanza kliniki, tutapima tena mwezi wa nane, na kama haishuki haendi Dar, hilo kaapa mbele ya mumewe. Kiinitete kimoja. La yai langu nimesema nipe muda, na safari hii niliona amenielewa, hakunung'unika wala hakunimenyea viazi. Huenda nikatoa, huenda nisitoe.

Ila daftari nimesaini. Nilisaini usiku, kila mtu amelala, nikalirudisha mezani alipoliacha. Asubuhi alilifungua, akalifunga, akaenda kukamua ng'ombe.

Nimerudi Uyole na gunia jingine. Mume wangu nimemweleza yote, kimya, anasikiliza. Mwishoni akauliza hiyo ekari moja iko upande gani wa barabara.